Woga Unazaa Uasi: Mambo ya Buganda, 1888

Wazee wetu wa Buluba wanasimulia habari ya Nkongolo na Kalala Ilunga, na kando ya Lualaba hakuna mutoto asiyeisikia. Kalala Ilunga alikuwa mutoto wa dada yake Nkongolo. Alikuwa hodari vitani, aliwashinda watu wengi na kuwaleta chini ya mujomba wake. Alistahili asante. Lakini Nkongolo aliona namna watu wanavyomusifu kijana, akaogopa. Akachimbisha shimo, akapandisha mikuki ndani, akalifunika kwa mukeka, kisha akamwita kijana aje kucheza ngoma mbele ya watu. Mupiga ngoma alijua siri, akamwonya kwa sauti ya ngoma yake. Kalala akaruka, akakimbia, akavuka Lualaba, akaenda kwa baba yake Mbidi Kiluwe. Siku aliporudi, alirudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa.

Hadisi hii inasimuliwa kwa kueleza asili ya bulopwe. Tunaweza kuitazama pia kwa jicho lingine. Kalala hakuondoka nyumbani akiwa mwasi. Aliondoka akiwa mutu anayekimbia kifo. Ni nani basi aliyemufanya kuwa mwasi? Kwanza ni woga wa Nkongolo, aliyemuogopa mutu asiyemutakia mabaya. Kisha ni woga wa kijana mwenyewe, aliyejua kwamba hana tena mahali pa kulala kwa amani mujomba wake akiwa hai.

Uasi wa namna hii ndio tunaotaka kueleza katika makala hii: si uasi wa maskini wenye njaa, wala si uasi wa ndugu ya mufalme anayetamani kiti, lakini uasi wa wakubwa wadogo, watu wanaokaa karibu na mutawala na kula kwake, ambao siku moja wanaona kwamba zamu yao ya kufa imefika. Tutachukua mufano wa Buganda, mwaka 1888. Tunauchagua kwa sababu unatugusa sisi Wakristu kuliko mingine: waasi wale walikuwa rafiki wa Wamartiri wa Uganda. Walifundishwa pamoja, walisali pamoja, wengine waliteswa pamoja. Lakini miaka miwili baada ya moto wa Namugongo, walioponyoka walishika bunduki.

1. Vijana wa baraza

Kabaka Mutesa wa Buganda alikufa mwezi wa kumi mwaka 1884. Mutoto wake Mwanga akashika ufalme, naye alikuwa kijana wa miaka kama 18 tu.

Kwa desturi ya Waganda, wakubwa wa inchi walipeleka watoto wao katika boma la Kabaka wawe watumishi. Kule walijifunza adabu, vita na kazi ya utawala. Aliyempendeza mufalme alipewa kijiji cha kutawala, kisha inchi kubwa zaidi. Hivi mutumishi wa leo alikuwa mukubwa wa kesho. Na ni katika boma lile dini iliingia. Waislamu walikuwa wa kwanza. Waanglikani walifika mwaka 1877, na Mapadri Weupe mwaka 1879. Watu waliwaita wanafunzi wa dini «wasomi», kwa maana katika lugha yao kusoma na kusali lilikuwa neno moja.

Mwanga alitawala katika woga tangu mwanzo. Alisikia kwamba Wazungu wananyanganya inchi za pwani. Alisikia kwamba Askofu wa Waanglikani, James Hannington, anakuja kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga, na njia ile Waganda waliiogopa. Akaamuru auawe, mwezi wa kumi mwaka 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa watumishi wake, alithubutu kumwambia kwamba ni vibaya kumuua mugeni. Naye akauawa tarehe 15 ya mwezi wa kumi na moja. Mwaka uliofuata, tarehe 3 ya mwezi wa sita, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Mutakatifu Baba Paulo VI aliwaandika 22 katika hesabu ya watakatifu tarehe 18 ya mwezi wa kumi mwaka 1964.

Haya tunayajua. Lakini mara nyingi tunasahau wale walioteswa bila kufa. Honorati Nyonyintono, Mukatolika, alikatwa mwilini kwa amri ya mufalme, akabaki na kilema maisha yake yote. Apolo Kaggwa, Muprotestanti, alipigwa vikali. Wote wawili walirudi kazini, katika boma lile lile, chini ya bwana yule yule. Tufikiri kidogo namna mutu anavyokaa mbele ya bwana wa namna hii. Anamusujudia asubuhi, anaitikia jina lake, na usiku anasikiliza hatua za watu mulangoni.

2. Siku ya mitumbwi

Kisha Mwanga alifanya jambo ambalo linaonekana la ajabu. Wasomi wale wale aliowatesa, aliwapa bunduki na kuwafanya wakubwa wa vikosi. Nyonyintono alipata kikosi, Kaggwa alipata chake, na Waislamu vile vile walipata vyao. Sababu yake si ngumu kuelewa. Mwanga aliwaogopa pia wazee, wale wakubwa waliowekwa na baba yake. Alitaka nguvu iliyo yake mwenyewe, watu wasio na bwana mwingine ila yeye.

Lakini woga haujengi, unahama tu. Vikosi vya vijana vilizunguka katika inchi na kunyanganya mali ya watu, na wazee wakawachukia. Tena Mwanga aliamuru watu wachimbe ziwa kubwa karibu na boma lake la Mengo. Ziwa lile lipo hata leo. Wakubwa walilazimishwa kufanya kazi ya udongo pamoja na watu wao, na waliochelewa walitozwa faini. Hivi mufalme alipoteza mapendo ya wazee, na hakupata mapendo ya vijana. Mwishoni akatazama bunduki alizozigawa yeye mwenyewe, akaona zinamutazama.

Mwezi wa tisa mwaka 1888 alipanga kuwamaliza wasomi wote, Wakristu na Waislamu pamoja. Wataitwa kwa safari ya ziwani, eti kwenda vitani. Watapelekwa kisiwani, kisha mitumbwi itarudi na kuwaacha kule wafe kwa njaa. Hakutakuwa damu, wala kelele, wala hukumu.

Siri ilitoka. Mitumbwi ilikuwa tayari, mufalme mwenyewe alikuwapo, amri ikatolewa, na vijana wakakataa kupanda. Hatuwezi kupima leo uzito wa tendo lile. Mutumishi wa Kabaka hakukataa neno la Kabaka. Aliyekataa alikuwa amekwisha kufa, au amekwisha kuwa mwasi. Hapakuwa njia ya tatu. Basi Wakristu na Waislamu, ambao hawakupendana, wakaungana kwa sababu ya kifo kimoja kilichowangoja. Karibu na tarehe 10 ya mwezi ule waliendea Mengo na bunduki zao. Mwanga aliwaita watu wake wamusaidie, na waliokuja walikuwa wachache. Wazee, ambao angeweza kuwategemea, walikaa nyumbani. Akakimbia kwa mutumbwi pamoja na watumishi wachache na wanawake, akaelekea kusini mwa ziwa.

Waasi walimuweka Kiwewa katika kiti cha ufalme, mutoto wa kwanza wa Mutesa, ingawa kwa desturi ya Waganda mutoto wa kwanza hakutawala. Nyonyintono akawa Katikkiro, ni kusema mukubwa wa kwanza baada ya mufalme. Mutu aliyekatwa mwilini kwa ajili ya dini, baada ya miaka miwili akakaa katika nafasi ya yule Katikkiro aliyewapeleka wenzake motoni. Waganda wengi Wakristu walifikiri kwamba Mungu amewatoa Misri.

3. Woga haukuondoka

Hapa ndipo fundisho kubwa la habari hii linapoanza. Ikiwa woga ulitoka kwa Mwanga tu, basi Mwanga akiondoka, woga ungeondoka naye. Haikuwa hivi.

Wakristu na Waislamu waligawana vyeo, na kila upande ulihesabu bunduki za mwenzake. Habari ikaenezwa kwamba Wakristu wanataka kumuweka mwanamuke katika ufalme, kama vile Waingereza walivyotawaliwa na malkia. Mwezi mumoja ulitosha. Tarehe 12 ya mwezi wa kumi Waislamu waliwapiga Wakristu na kuwafukuza. Wamisionari, Wakatolika na Waprotestanti, walinyanganywa vitu vyao na kufukuzwa kwa chombo kimoja ziwani, Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akiwa kati yao. Njiani kiboko alikitoboa chombo chao.

Kiwewa naye akaogopa. Washindi walitaka atahiriwe, naye alikataa. Kabla hawajamupiga, aliwapiga yeye: akawaua wakubwa wao kadhaa, kisha akakimbia. Wakamuweka ndugu yake Kalema. Kiwewa akakamatwa na kuuawa. Kalema, akiogopa kwamba ndugu zake watachukuliwa na adui kama alivyochukuliwa yeye, akawachoma moto wana wa kifalme, wanaume na wanawake. Hivi katika miaka miwili woga ulipita kutoka mukono hata mukono: kutoka Mwanga kwa vijana, kutoka vijana kwa Waislamu, kutoka Waislamu kwa Kiwewa, kutoka Kiwewa kwa Kalema.

Wakristu walikimbilia Nkore, kwa mufalme Ntare. Na Mwanga alikuwa wapi? Baada ya kuteswa kwa waarabu wa Magu, alipokelewa Bukumbi, kwa Mapadri Weupe. Aliyewachoma moto Wakatolika alikula mezani kwa mapadri wao. Kutoka kule wajumbe walipita, na Wakristu waliomufukuza walikubali kumurudisha. Nyonyintono alikufa vitani mwaka 1889, akipigana kwa ajili ya bwana yule aliyemukata. Kaggwa akashika nafasi yake. Mwezi wa kumi mwaka 1889 Mwanga aliingia tena Mengo, na baada ya kufukuzwa mara nyingine, alirudi kwa nguvu mwezi wa pili mwaka 1890.

Je, amani ilipatikana sasa? Wakatolika na Waprotestanti walikula pamoja chakula cha ukimbizi kule Nkore. Walipofika nyumbani, wakaanza kuhesabiana bunduki. Tarehe 24 ya mwezi wa kwanza mwaka 1892 walipigana wao kwa wao Mengo. Na Mwanga mwenyewe aliasi juu ya Waingereza mwaka 1897, akakamatwa, akapelekwa katika visiwa vya Seychelles, akabatizwa kule na Waanglikani jina la Danieli, akafa mwaka 1903.

4. Jambo la binadamu wote

Mutu asifikiri kwamba hii ni tabia ya Waafrika tu, au ya wafalme wasiobatizwa. Historia ya China inatuonyesha jambo lile lile karibu miaka 200 mbele ya Kristu.

Liu Bang, mutoto wa watu wa shamba, alishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuwa kaisari mwaka 202 mbele ya Kristu. Ndiye mwanzo wa jamaa ya Han. Mwanzoni aliwagawia zawadi wale aliowapenda tu. Mwaka 201 aliona majemadari wake wamekaa chini makundi makundi, wakinongona. Akamwuliza mushauri wake Zhang Liang wanasema nini. Zhang Liang akajibu kwamba wanapanga uasi, kwa sababu wanaogopa: wengine hawajui kama watapata kitu, wengine wanakumbuka makosa yao ya zamani. Akamwuliza kaisari: kati yao wote, ni nani unayemuchukia zaidi, na wote wanajua? Kaisari akasema: Yong Chi. Basi, akasema mushauri, umupe huyu cheo kwanza. Ikafanyika hivi, na wote wakatulia, wakisema kwamba ikiwa Yong Chi amepewa, hakuna wa kuogopa.

Lakini baadaye kaisari alisahau shauri lile. Mwaka 196 wawili kati ya majemadari wake wakubwa, Han Xin na Peng Yue, waliuawa. Nyama ya Peng Yue ilitiwa chumvi na kupelekwa kwa watawala wengine ili waone. Ying Bu, mutawala wa Huainan, alikuwa akiwinda siku ilipomufikia. Akaogopa sana, akaanza kukusanya askari kwa siri. Siri ikatoka, akaasi waziwazi, na mwaka uliofuata akauawa. Kaisari naye alipigwa mushale katika vita vile, na mwaka ule ule akafa. Hata Lu Wan, rafiki yake tangu utoto, aliyezaliwa naye siku moja katika kijiji kimoja, alikimbilia kwa adui kwa kuogopa.

Kaisari alituma nyama ile ili watu waogope wasiasi. Waliogopa, na kwa sababu ile waliasi. Adhabu iliyo ya haki na ya wazi inamuogopesha mukosaji. Adhabu isiyo na hukumu inawaogopesha wote, hata mwaminifu, kwa maana hakuna anayejua afanye nini ili aponyoke.

5. Namna ya kupima tendo la woga

Tuwahukumu namna gani wale vijana wa Buganda? Mutakatifu Tomaso anatupa kanuni mbili.

Ya kwanza ni juu ya woga wenyewe. Tendo linalofanywa kwa woga si tendo la kulazimishwa kabisa. Mufano wake ni wa mabaharia katika tufani wanaotupa mali yao baharini: hawataki kuitupa, lakini katika hatari ile wanachagua kuitupa. Basi woga unapunguza lawama, hauiondoi. Padri katika kiti cha maungamo asisahau hata moja kati ya sehemu hizi mbili.

Ya pili ni juu ya uasi. Tomaso anafundisha kwamba mutawala anayetafuta faida yake mwenyewe na kuharibu faida ya wote, yeye ndiye mwenye kuleta fitina, na kumupinga si dhambi ya fitina. Lakini anaongeza sharti: ikiwa kumupinga kunaleta hasara kubwa kuliko ubaya wake, hairuhusiwi. Papa Paulo VI alirudilia onyo hili katika barua Populorum Progressio ya mwaka 1967. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2243, inahesabu masharti yote: ubaya uwe wa hakika, muzito, na wa siku nyingi, njia nyingine zote ziwe zimejaribiwa, machafuko makubwa zaidi yasitokee, tumaini la kufaulu liwe na msingi, na akili isione njia bora.

Sasa tutazame vizuri mambo ya 1888. Kuna matendo mawili, wala si moja. Tendo la kwanza ni kukataa kupanda mutumbwi. Hapa hatuoni lawama. Hakuna mutu anayefungwa kutii amri ya kwenda kufa kwa hila, bila kosa. Tendo la pili ni kuendea Mengo na kumuondoa mufalme. Hapa mambo si mepesi. Ubaya ulikuwa wa hakika na muzito. Lakini mutawala gani atafuata, waungwana watashikamana namna gani, Waislamu na Wakristu watakaa namna gani? Haya hayakupata jibu kabla ya bunduki kulia. Mutu mwenye woga anaona mulango wa kutokea tu, haoni nyumba atakayolala kesho. Kwa sababu hii hatuwalaani, lakini hatuwaweki pia katika kundi moja na Karoli Lwanga.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha mutu aliyefika kati ya matendo haya mawili na kusimama. Saulo alimutupia Daudi mukuki. Daudi alikimbia, na watu wenye taabu wakakusanyika kwake. Lakini Saulo alipoingia peke yake katika pango, na wenzake wakamusukuma Daudi amuue, alikata pindo la vazi tu, na hata hili likamuchoma moyoni. Alikataa mutumbwi, hakuchoma boma.

Na Wamartiri? Wasidhani wasomaji wetu kwamba wao hawakuogopa. Waliogopa kama wenzao. Tofauti si kwamba hawakuwa na woga. Ni kwamba woga wao haukuwa bwana wao. Kwa hiyo ulikwisha pamoja nao pale Namugongo, haukupita kwa mutu mwingine.

6. Kwetu sisi

Katika inchi yetu ya Kinkondja, na kando ya ziwa Kisale, hatuhitaji kwenda Buganda ili kujua jambo hili. Miaka ya 1960 na 1961 kijiji kiliogopa kijiji, na wengi walishika silaha kwa kusikia tu kwamba wenzao wamekwisha kuzishika. Miaka ya 2000, wakati wa Mai-Mai, tuliona tena vile. Nani alianza? Kila upande unajibu: tuliogopa.

Basi tukamate mambo matatu.

La kwanza ni kwa mwenye kutawala, akiwa sultani, padri mukubwa wa misioni, kiongozi wa seminari, au katekista mukubwa katika kijiji chake. Asitawale kwa fumbo. Akiwa na neno juu ya mutu, amwite, amwambie, amusikilize, amuhukumu waziwazi. Katekista anayesikia kwa wengine kwamba «jina lake limetajwa» bila kujua kwa sababu gani, amekwisha kuwekwa ufukoni mbele ya mutumbwi. Na akumbuke Yong Chi: wema mumoja kwa mutu ambaye wote wanajua hapendwi, unatuliza mioyo kuliko mahubiri kumi.

La pili ni kwa mwenye kuogopa. Auulize woga wake maswali: habari hii nimeipata wapi? Ni hakika? Nimekwenda kwa mwenyewe? Kuna mutu wa tatu anayeweza kusema kati yetu? Kujiokoa ni haki. Kumuangusha mwenzako ili ujiokoe ni jambo lingine, na linaomba kupimwa mbele ya Mungu na mbele ya mushauri mwenye akili.

La tatu ni kwa wote wanaotoka katika ugomvi, walioshinda na walioshindwa. Kazi kubwa inaanza siku ile. Wakristu wa Buganda walimusamehe Mwanga haraka kuliko walivyoweza kuaminiana wao kwa wao. Patanisho lisilogusa woga ni kama moto uliofunikwa majivu. Ni kazi yetu mapadri na wakatekista kuketi na pande zote mbili, kuacha kila mumoja aseme aliogopa nini, na kumwonyesha kwamba mwenzake naye aliogopa. Mutume Yoane alitufundisha kwamba mapendo yanayokamilika hayakai nyumba moja na woga. Basi tusingoje hata wenzetu waanze kunongona makundi makundi. Twende tukae nao chini, mapema.